Siku moja maishani mwangu: baiskeli, malori na barabara moja

Saa 12:00 asubuhi. Nakagua breki, upepo, cheni na taa. Kazi yangu ni kupeleka vifurushi kwa baiskeli, kwa hiyo mjadala wa kama baiskeli zitumie barabara moja na magari naukuta kazini kila siku.

Saa 1:00. Naanzia mitaa ya ndani. Magari yanakwenda taratibu, watoto wanaelekea shule, madereva wananiona nami nawaona. Hapa sihitaji njia ya peke yangu. Mwendo hauzidi kilomita 30 kwa saa, na mwendo ndio kiini cha jambo hili. Gari linalokwenda 60 hugonga kwa nguvu mara nne ya lile la 30, wala si mara mbili kama wengi wanavyodhani. Ndiyo maana Azimio la Stockholm la mwaka 2020, la kimataifa kuhusu usalama barabarani, lilitaka kikomo cha kilomita 30 mahali ambapo magari yanachanganyika na waenda kwa miguu na baiskeli.

Saa 2:30. Barabara kuu. Magari yanakimbia na bega la barabara limejaa changarawe. Nikibana ukingoni kabisa, dereva wa nyuma anaona amepata nafasi ya kupenya, ananipita kwa nafasi ya kiganja. Nikisogea ndani kidogo ili anione, napigiwa honi. Lori likipita, upepo wake kwanza unanisukuma nje, kisha unanivuta kuelekea kwenye magurudumu. Ufaransa sheria inamtaka dereva aache angalau mita 1 mjini na mita 1.5 nje ya mji anapompita mwendesha baiskeli. Ni sheria nzuri, ila barabara ikiwa nyembamba na mwendo ni mkali, mita hizo hazipatikani.

Saa 4:00. Nafikisha mzigo ghalani. Dereva wa lori, mtu mzima, ananisikia nikilalamika. "Njoo upande huku, kijana wangu, utazame mwenyewe." Nakaa kwenye kiti chake. Baiskeli yangu imeegemezwa karibu na mlango wa upande wa pili, nami siioni. Natazama kioo cha juu, kioo cha chini, nainama, bado siioni. Ananieleza pia kwamba lori refu likikata kona, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Yanakata kwa ndani, palepale ambapo sisi hupenda kusimama tukisubiri taa. Tangu nianze kazi hii nimewaona madereva wa malori kama watu wasiojali. Namshukuru mzee huyu. Alichonionyesha ni kwamba wema wa dereva hautoshi, kwa sababu hata aliye mwema haoni kilichojificha.

Saa 6:30 mchana. Mtaa wa maduka. Nakaa mbali na magari yaliyoegeshwa, maana mlango hufunguka ghafla. Uholanzi madereva hufundishwa kufungua mlango kwa mkono ulio mbali nao, ili mwili ugeuke na macho yaangalie nyuma.

Saa 8:00. Mapumziko. Mwenzangu wa pikipiki anasema twende tukapande njia ya waenda kwa miguu. Sikubali. Hatari ninayoikimbia nitakuwa nimempelekea bibi mwenye mkongojo. Anasema pia kuna waendesha baiskeli wanaopita taa nyekundu. Hilo ni kweli, na nawakemea. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968, wa kimataifa kuhusu usafiri wa barabarani, unaihesabu baiskeli kuwa chombo cha usafiri, na chombo cha usafiri kina haki na wajibu.

Saa 10:00 jioni. Kipande ninachokipenda: njia ya baiskeli iliyotengwa kwa ukingo wa zege. Hapa ndipo naona wazee, akina mama na wanafunzi kwenye baiskeli, watu nisiowaona kamwe kule barabara kuu. Mwaka 1971 barabara za Uholanzi ziliua zaidi ya watu 3,000, wakiwemo watoto zaidi ya 400. Wazazi waliandamana. Leo Waholanzi wanachanganya baiskeli na magari pale mwendo ulipo mdogo, na kuzitenga pale ulipo mkubwa. Mstari wa rangi hauzuii gari.

Saa 12:30 jioni. Giza linaingia, nawasha taa, narudi kwa mitaa ya ndani ingawa ni mbali zaidi.

Saa 2:00 usiku. Naandika maoni yangu kuhusu upanuzi wa barabara kuu. Naomba ukingo wa zege, na kwenye makutano taa ya baiskeli iwake sekunde chache kabla ya ile ya magari. Mkutano wa wananchi ni wiki ijayo. Nimempigia simu yule mzee wa lori. Amekubali kuja kueleza asichokiona kwenye vioo vyake.