Siku moja maishani mwangu: Jumapili katika banda la Mholanzi, Ontario

Ukisema unakamua ng'ombe Kanada, watu hudhani mashine ndiyo inayokamua, wewe umekaa na kahawa. Nifuateni basi Jumapili moja katika Kaunti ya Oxford, kusini-magharibi mwa Ontario, kwa mzee wa Kiholanzi ninayemfanyia kazi. Waholanzi wengi walihamia huku baada ya vita. Yeye ni wa kundi la baadaye, wafugaji waliobanwa Ulaya na mgawo wa maziwa wa 1984, yaani kikomo cha maziwa ambayo kila mfugaji anaruhusiwa kuuza. Huku pia kuna mgawo, unapimwa kwa kilo za mafuta ya maziwa kwa siku. Kilo moja ni karibu sawa na ng'ombe mmoja, na hapa Ontario kilo hiyo haiuzwi zaidi ya dola 24,000. Pesa zote zimekwenda huko, kwa hiyo kinachoweza kuundwa kwa mikono mzee hakinunui.

Saa 10:30 alfajiri. Ng'ombe 60, vikamulio 8, kila kimoja na vikombe vinne vya chuma vyenye mpira ndani, watu watatu: mzee, kijana wake mkubwa na mimi. Kila chuchu unaivuta kwa mkono mara tatu au nne, uone kama maziwa yana mabonge. Unaichovya kwenye ayodini, sekunde 30, halafu unafuta. Kitambaa kimoja, ng'ombe mmoja. Kikamulio kivae sekunde 60 hadi 90 tangu ulipomgusa mara ya kwanza. Ukichelewa, homoni inayoshusha maziwa inapungua nguvu na ng'ombe anayabana.

Saa 11:20. Ng'ombe wa 27 anarusha mateke, na yule ni mpole. Unatia kidole gumba ndani ya kikombe: mpira unatakiwa kukibana na kukiachia kama mara 60 kwa dakika. Huu unagusa tu. Mpira usipobana, chuchu haipumziki, damu inajaa nchani, na ugonjwa wa kiwele hauko mbali.

Hapa ndipo akili ya mzee inapoonekana. Kila mpira wa hewa ameukata na kuunganisha kipande cha bomba linaloonyesha, urefu wa kiganja. Kati ya mpira wa kikombe na chuma chake hupita hewa tupu. Ukiona weupe humo, mpira umepasuka na maziwa yanavutwa njia ya hewa. Kikamulio cha tano kilikuwa cheupe. Bila kile kipande tungefungua vyote vinane.

Lakini maziwa yalikwishaingia bomba kuu la hewa, na yakigandia humo yanaziba pulseta, vile vifaa vinavyobana na kuachia. Tukazitoa zote. Tukavutisha maji ya vuguvugu yenye sabuni, nusu ndoo kwa nusu ndoo, tukimwaga kila mara kasha la kunasa maji, maana maji yakifika kwenye pampu umeiua. Kisha maji safi, kisha hewa peke yake dakika kumi ikauke. Vitundu vya pulseta tukavizibua kwa kijiti. Waya unavipanua, na mapigo hayarudi kuwa sawa tena. Mipira minne ya kikamulio kile ikabadilishwa yote, kwa sababu ina umri mmoja. Inahimili ukamuaji 2,500. Kwetu kila kikamulio hufanya 15 kwa siku, yaani miezi mitano na nusu hivi. Ile ilikuwa imepitiliza.

Na muda wote huo ng'ombe 33 wanalia, viwele vinadondosha. Mgongo ulikuwa unawaka.

Tulimaliza karibu saa 3. Kuosha mabomba hakuna njia ya mkato: maji ya vuguvugu, kisha sabuni kwenye maji yanayoanza nyuzi 71 na yasiyoshuka chini ya 49, la sivyo mafuta yanagandia upya, kisha asidi. Tangi la maziwa lilikuwa chini ya nyuzi 4. Mama alikuwa amemnywesha ndama wa usiku lita 4 za dang'a, ndani ya saa sita tangu azaliwe, kama inavyotakiwa.

Saa 4 kanisani, familia nzima benchi moja, pipi za mnanaa zikipitishwa mahubiri yakianza. Nyasi zilizokatwa Ijumaa zilikuwa zimekauka shambani, na mvua ilitabiriwa Jumatatu. Mzee hakuzigusa. Kukamua ni kazi ya lazima na ya huruma, anasema. Kufunga nyasi kunangoja. Namheshimu sana kwa hilo.

Mchana ulipita kwa usingizi. Jioni tukakamua tena, gumba kwanza ndani ya kila kikombe, kisha ibada ya pili.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipoona taa bandani. Mzee, bado na suti ya kanisani, alikuwa anamulika tochi kipande kimoja baada ya kingine. Vyote vinane vilikuwa vyeupe? Hapana. Vilikuwa angavu.