Nilivyopunguza mchanga kwenye mfereji wetu wa mpunga, bonde la Lukuledi

Kila mvua zikikolea, mfereji mkuu wa skimu yetu ya umwagiliaji hapa Lindi ulijaa mchanga hadi mashamba ya mwisho yakakosa maji. Jambo hilo liliniuma, maana wenye mashamba hayo ndio waliofukua zaidi. Nikiwa fundi wa skimu, nikaamua kuupima mchanga wenyewe: unakuja lini, na kiasi gani.

Nilifunga chupa ya lita moja kwenye fito pamoja na jiwe. Unaizamisha taratibu hadi karibu na chini, unaipandisha kwa mwendo uleule, kwa kuwa maji ya chini yana mchanga mwingi kuliko ya juu. Ikitoka imejaa pomoni, mwaga urudie. Kisha unachuja, unakausha, unapima kwenye mzani. Ukipata gramu 0.4 kwa lita, na mto unapitisha mita za ujazo 6 kwa sekunde, hizo ni kilo 2.4 kila sekunde, yaani tani 207 kwa siku!

Kiasi cha maji nilikikadiria kwa kina kilichopita juu ya mbao za banio, yaani kizuizi kinachokatiza mto ili maji yaingie mferejini. Kina kikiwa maradufu, maji huongezeka karibu mara 2.8. Ila maji yaliyokwisha kuvuka banio yakipanda hadi kuzifunika mbao, hesabu hiyo haifai tena.

Jambo kubwa nililoliona ni hili: kwa kina kilekile, mto unaopanda ulibeba tope jingi kuliko unaoshuka. Mzee anayelinda banio hakushangaa. "Mwanangu, maji ya kwanza ndiyo yanayofagia mashamba ya watu huko Masasi."

Basi tukapanga upya. Mto ukianza kupanda tunafunga mlango wa mfereji na kuinua lango la chuma la banio. Maji yanayopita juu ya mbao huacha mchanga wa chini palepale. Yanayochomoka chini ya lango huusomba. Mto ukianza kushuka, tunashusha lango na kufungulia mfereji. Wakulima walilalamika sana, kufungiwa maji mto umefurika! Nikawaonyesha chupa mbili, ya kupanda na ya kushuka, zikiwa zimetuama. Wakakubali.

Msimu huu mashamba ya mwisho yamepata maji. Mchanga unaotambaa sakafuni mwa mto chupa haiudaki, hivyo makadirio yangu yako chini ya hali halisi. Huo naufuatilia kwa kuchomeka fito yenye alama mbele ya banio kila mafuriko yakipita.