Niliambiwa nijifunze kuandika programu, kumbe nilihitaji gunia na mizani

Baada ya miaka tisa ya kuendesha trekta, bosi alinitangaza kuwa mtaalamu wa kilimo cha usahihi, yaani kile cha kutumia vipimo na kompyuta ili kila sehemu ya shamba ipate inachohitaji. Mafunzo yenyewe yalikuwa ya siku mbili, na siku moja iliishia kwenye chai na picha za ukutani. Mjuaji mmoja akanishauri nianze na kuandika programu. Nikakesha kama miezi minne. Mpaka leo shamba halijaniomba mstari hata mmoja.

Aibu yangu ya kwanza ililetwa na droni. Kuirusha si kazi. Ramani ya NDVI (kipimo cha ukijani wa mimea kinachopigwa kutoka angani) ikatoka, kona moja ya shamba la mahindi ikiwa kijani iliyokolea. Nikamwambia bosi kwa kifua mbele, "Hapa mahindi yameshiba, tupunguze mbolea." Mzee wa palizi akaguna tu. Kesho yake akanishika mkono hadi pale: magugu kiunoni, mahindi chini yake ya njano! NDVI hupima mwanga mwekundu unaomezwa na majani na ule wa infraredi, usioonekana kwa macho, yanaourudisha. Haiulizi ni majani ya nini. Tangu hapo sisomi ramani kabla ya kuvaa buti.

Sasa nijisifu kidogo. Skrini ya mashine ya kupandia ilidai inaweka kilo 150 za mbolea kwa hekta, na wote waliiamini kwa sababu ni skrini. Mimi nikatega magunia chini ya mirija, nikazungusha gurudumu la kupimia kwa mkono mizunguko inayolingana na mita 333. Upana wa mashine ni mita 3, kwa hiyo hiyo ni sehemu ya kumi ya hekta, na magunia yalipaswa kuwa na kilo 15. Mizani ikasema 11! Tulikuwa tumebadilisha aina ya mbolea, punje zake nyepesi, na hakuna aliyeiambia kompyuta. (Na mizani nayo ipimwe kwanza, ya kwanza niliyoazima ilikuwa inadanganya.)

Hesabu hiyo ni ya shule ya msingi, ila kwenye zile siku mbili haikutajwa.

Yule mjuaji bado hunitumia masomo ya programu. Wiki iliyopita nilimjibu kwa picha ya gunia.