Nilivyochora kiunzi cha nyumba ya 1596 kwa kufuata vigingi

Kazi ya darasani ilikuwa kuchora kiunzi cha nyumba ya kale ya mbao: kiunzi tu, mapambo yaachwe. Nikachagua Harvard House, pale High Street mjini Stratford-upon-Avon, Uingereza. Wenzangu walinicheka, maana uso wa nyumba ile umejaa nakshi.

Thomas Rogers, muuza nyama na diwani wa mji, aliijenga baada ya moto wa 1594 na wa 1595 kuteketeza sehemu kubwa ya Stratford. Herufi zake na za mkewe Alice zimechongwa mbele pamoja na mwaka 1596. Kuna kichwa cha fahali, na dubu mwenye gogo, ile alama ya Warwick, mji wa jirani. Binti yao Katherine ndiye mama wa John Harvard ambaye chuo kikuu cha Marekani kina jina lake. Nakshi hizo zinapendeza, lakini kwa mchora kiunzi ni usumbufu mtupu.

Kwanza niliacha kabisa kuitazama rangi. Ukitaja nyumba ya mbao ya Uingereza, wengi wanawaza mbao nyeusi na kuta nyeupe. Kumbe mtindo huo ulienea sana karne ya 19. Zamani mwaloni mara nyingi uliachwa ugeuke kijivu wenyewe. Tena zipo kuta za matofali zilizobandikwa mbao nyembamba juu ili zionekane za kale. Rangi itakudanganya. Kigingi, kile kijiti kinachofunga kiungo cha mbao, ni vigumu kukudanganya.

Mafundi wa wakati ule walichonga mwaloni ungali mbichi, kwa sababu ukikauka unakuwa mgumu kupindukia. Mwisho wa mbao moja walitoa ulimi, mbao ya pili wakaichimba tundu. Kisha wakatoboa njia ya kigingi, ila tobo la kwenye ulimi walilisogeza kidogo tu upande wa bega, yaani pale ulimi unapoanzia. Kigingi kikipigwa nyundo, kinauvuta ulimi ndani mpaka mbao zinabana. Ndiyo maana kwenye kila kiungo unakuta kichwa kimoja au viwili vya vigingi, vidogo, mara nyingi havijakaa duara sawasawa.

Basi nilisimama ng'ambo ya barabara na darubini, nikasubiri jua la pembeni linalotoa vivuli, nikatia nukta kwenye karatasi kila nilipoona kichwa cha kigingi. Mistari ilikuja baadaye. Nguzo kuu zikajitokeza zenyewe, kisha boriti, kisha nguzo ndogo za katikati. Mbao isiyo na kigingi mwanzo wala mwisho niliiwekea alama ya kuulizia: huenda ni pambo, huenda iliongezwa. Na tobo la kigingi lililobaki wazi lina thamani kuliko yote, kwa kuwa hapo palikuwa na mbao ikaondolewa, labda ili kupata dirisha pana zaidi.

Kati ya mbao hizo ukuta wa asili ulikuwa fito zilizosukwa, zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi, juu chokaa. Bibi yangu wa Tanga asingehitaji mkalimani hapo. Tofauti iko chini: yeye alichimbia nguzo ardhini, mchwa wakala; mafundi hawa wa Uingereza waliisimamisha nguzo juu ya boriti iliyolazwa kwenye msingi wa mawe, mbali na unyevu.

Mpangilio wa kazi niliuelewa ndani ya nyumba nyingine ya umri huohuo, nilipokaribia nguzo nikaona namba za Kirumi zimekwaruzwa kwa patasi. Kiunzi kiliungwa kwanza kikiwa kimelala chini uwanjani kwa seremala, kila kiungo kikapewa namba, kikafumuliwa na kupakiwa mkokoteni. Tisa waliandika VIIII, kwa kuwa IX ukiigeuza juu chini inasomeka XI, na mbao ikishabebwa hujui itafika imelala vipi.

Mwalimu aliupokea mchoro, akauliza swali moja: paa liko wapi? Nikamjibu kuwa paa halionekani barabarani. Akaniambia niandike barua ya kuomba ruhusa ya kupanda darini, na barua hiyo nimeshaituma.