Siku moja maishani mwangu: kumtafuta msimamizi wa kaunta, stendi ya Moshi

Saa 11 alfajiri

Naingia stendi bado giza. Basi letu la kwanza la Dar limeshawashwa, vijana wa mizigo wanapandisha mikungu ya ndizi za Kibosho, na mbele ya kaunta tayari wamesimama watu saba. Mimi ni meneja wa tawi la kampuni ya mabasi. Kaunta yetu ina madirisha manne: mawili ya tiketi, moja la kutuma vifurushi, moja la kupokea. Wahudumu wako wanane, zamu mbili. Tangu mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, tunafunga saa nne usiku, sio jioni kama zamani.

Tunachokosa ni msimamizi. Aliyekuwepo aliacha kazi Agosti akaenda kufungua duka lake Himo, na tangu hapo kazi yake naifanya mimi juu ya yangu. Sasa ni katikati ya Oktoba. Anayeijua Moshi anajua kwa nini nina haraka: Desemba ikishaanza kukolea, Wachagga walioko Dar, Dodoma, Mwanza na kwingineko wanapanda kuja nyumbani kula Krismasi, halafu Januari ikiingia wote wanataka kuondoka wiki ileile. Leo ni siku ya usaili.

Saa 1 asubuhi

Basi la pili limetoka. Nafungua kabati, natoa faili la maombi. Tulipokea barua 38, tumewaita watu watano.

Tangazo la kazi lilinichukua siku tatu. La zamani lilisema tunataka mtu mchapakazi, mwaminifu, mwenye lugha nzuri kwa wateja. Kila mtu anaweza kusema yeye yuko hivyo, na wote 38 wangesema. Kwa hiyo safari hii nilikaa nyuma ya kaunta na daftari, nikaandika kila kitu ambacho msimamizi angetakiwa kukifanya: kupanga zamu, kufunga hesabu zamu inapotoka, kushika dirisha mhudumu anapokwenda kula, kupokea lalamiko lililomshinda mhudumu, kuamua mteja arudishiwe nauli au abadilishiwe siku, kupiga simu stendi ya Mbezi, Dar, na Arusha mzigo usipoonekana, kumkalisha mhudumu mpya na kumfundisha. Orodha hiyo ndiyo niliyoibandika mlangoni na kuirusha kwenye magrupu ya WhatsApp.

Kuna waliotaka niandike "mwanamke, umri usiozidi miaka 30". Nilikataa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mtu kazini kwa jinsia, umri, kabila, dini, ndoa, ujauzito, ulemavu na mengine, na hata isingekataza, sijawahi kuona umri ukipunguza foleni. Mwingine akasema tutafute "mtoto wa hapahapa" kwa sababu wazee wa milimani wakikasirika wanahamia Kichagga. Hapo alikuwa na hoja, ila hoja yenyewe ni lugha. Nikaandika kwamba kujua Kichagga, Kipare au Kimasai kutamsaidia mwombaji. Mmoja wa walioitwa leo ni Mnyaturu aliyekulia Pasua, na Kichagga anakisema vizuri.

Faili narudisha kabatini na kufunga kwa ufunguo. Ndani kuna nakala za vitambulisho vya NIDA, vyeti, namba za simu. Niliwahi kununua karanga zimefungwa kwenye cheti cha kidato cha nne cha mtu, jina na alama zake zote zinasomeka. Sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini mimi tangu siku ile ya karanga sijaacha barua ya mwombaji juu ya meza.

Saa 2

Shangazi anapiga simu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nasikia unaajiri. Mtoto wa mjomba wako ana diploma, anakaa tu nyumbani."

Namwambia muda wa maombi umepita. Anasema si wewe ndiye mkubwa hapo? Namweleza kwa upole kitu ambacho ni kweli: nikimweka ndugu yangu asimamie kaunta, siku hesabu ikipungua wahudumu wanane watanitazama mimi. Hajafurahi. Nitapanda kumwona Jumapili.

Saa 3

Wasailiwa wamefika. Siwaiti ndani. Nawaomba wakae kwenye benchi la wateja, dakika ishirini, kisha naanza kuita mmojammoja. Tuko watatu mezani: mimi, mhasibu, na mzee wa stoo ya vifurushi, ambaye wahudumu wote wanamwita babu na ambaye ameona wasimamizi wakija na kuondoka.

Swali langu la kwanza ni hili: umeona nini pale kwenye benchi?

Wa kwanza anasema ameona wateja wengi na huduma nzuri. Wa pili anasifu sare. Wa tatu ni mhudumu wetu mwenyewe wa dirisha la tiketi, mwenye mkono mwepesi kuliko wote. Yeye anasema dirisha namba mbili linachelewesha watu, na ni kweli. Wa nne ni dada aliyefanya kazi mapokezi ya zahanati moja hapa mjini. Anasema:

"Nimeona dirisha la kupokea mizigo linabaki tupu kila mara, kwa sababu kaka anayehudumia ndiye anayekwenda stoo kutafuta mzigo. Halafu yule bibi mwenye kitenge cha bluu amepanga foleni ya tiketi lakini mkononi ana karatasi ya mzigo. Nimemwelekeza, samahani kama sikupaswa."

Babu ananitazama. Lile dirisha kubaki tupu amelilalamikia miaka miwili.

Maswali mengine nayauliza kwa wakati uliopita. Ukimuuliza mtu "ungefanya nini fedha zikipungua?" atakupa mahubiri. Ukimuuliza "niambie siku moja fedha zilipopungua mikononi mwako, ilikuwa shilingi ngapi, ulimwambia nani kwanza, mwisho wake ulikuwaje?" atakupa tukio lenyewe, au atakwama. Wa tano alikwama. Mhudumu wetu alieleza vizuri sana. Dada wa zahanati alisema iliwahi kupungua 12,000, akamwambia mkubwa wake jioni ileile, akailipa kwa awamu, na mpaka leo hajui ilipotelea wapi. Mhasibu akaandika kitu.

Saa 5

Sasa kaunta. Wawili ndio tumewabakiza. Kila mmoja anakaa nusu saa pembeni ya wahudumu, bila kugusa fedha wala kuingia kwenye mfumo wa tiketi. Sizidishi hapo, maana mtu hajaajiriwa na sio haki kumtumikisha bure. Nauli na chakula cha mchana tunawapa wote watano.

Hapa ndipo nilipowahi kuumia. Miaka kadhaa nyuma nilimpandisha mhudumu mwenye kasi kuliko wenzake, nikidhani kasi yake itaambukiza. Kila mwenzake alipochelewa, yeye alimwondoa akakata tiketi mwenyewe. Foleni ilisogea, wenzake wakaacha kujifunza. Ndani ya miezi minne wawili waliacha kazi, na yeye mwenyewe akaomba arudi dirishani, lakini dirisha lake nilishampa mtu. Akaondoka pia. Kukata tiketi haraka ni kazi moja, na kumfanya mwenzako akate haraka ni kazi nyingine kabisa.

Mhudumu wetu anaanza. Katika nusu saa amechukua kazi mikononi mwa wenzake mara tatu. Kila mara ilikwenda haraka.

Dada wa zahanati anakaa dirisha la kupokea, na saa sita kasoro anaingia mzee kutoka Uru, fimbo mkononi, sauti juu. Kijana wake ametuma dawa za presha kutoka Dar kwa basi la jana usiku. Basi limepita alfajiri. Dawa hazipo. Mhudumu anarudia kwamba hakuna kitu kwenye daftari, mzee anasema sisi ni wezi.

"Shikamoo baba," dada anasema, anasimama. "Dawa za leo umekunywa?"

Mzee ananyamaza kidogo. Amekunywa ya asubuhi, ya jioni hana.

Dada anamgeukia mhudumu, anamuuliza kwa sauti ya chini lile basi huishia wapi. Linaishia Arusha. Simu haichukui yeye. Anamwachia mhudumu apige ofisi ya Arusha, na yeye anaandika kwenye karatasi maswali mawili: jina la mpokeaji, na mzigo umeshushwa lini. Mzigo uko Arusha, ulipitilizwa. Utarudi na basi la saa nane.

Hapo wengi huharibu. Wanasema "subiri kidogo baba", na kidogo inakuwa masaa manne. Yeye akamwambia ukweli: "Baba, zitafika saa kumi hivi. Ukitaka nenda nyumbani, kaka huyu atakupigia basi likiingia, na namba yake ni hii." Mzee akamuuliza mhudumu jina, akaliandika kwenye kiganja. Mteja alipotoka ndipo dada akamwambia yule mhudumu, wawili tu, kwamba mzigo wa basi la usiku usipoonekana aanze na Arusha kabla ya kusema haupo. Mimi nilisikia kwa sababu nilikuwa nyuma ya rafu.

Saa 7 mchana

Mtori kwa mama lishe, na ubishi.

Asubuhi tuliwapa wote wawili karatasi za zamu moja ya mfano wafunge hesabu. Mhudumu wetu alimaliza kwa dakika 15, sahihi. Dada alitumia karibu saa nzima na bado akaruka nauli moja iliyorudishwa. Mhasibu hana utani na jambo hili: "Desemba kwa siku moja zinapita fedha nyingi pale. Akiruka moja kwenye karatasi 40, ataruka ngapi kwenye karatasi 400?"

Ana haki. Sikumjibu haraka. Babu ndiye aliyesema hesabu inafundishika, na kwamba yeye mwenyewe alifundishwa daftari la stoo akiwa na miaka 50. Mhasibu akakubali tumchukue dada, kwa sharti: mwezi wa kwanza wafunge hesabu pamoja kila zamu, na yeye asaini.

Saa 8

Napiga simu kwa mkubwa wa zamani wa dada wa zahanati. Mchungaji wala mjomba sikuwataka kama wadhamini, niliomba mtu aliyemsimamia kazini. Na simuulizi kama ni mtu mzuri, maana nani atasema mbaya? Nauliza: ungemwajiri tena, na kwa kazi ipi?

"Mapokezi hata kesho," anasema. "Stoo ya dawa, hapana. Hesabu za kuhesabu na kuhesabu tena zinamchosha."

Hilo limenipa imani zaidi kuliko sifa tupu. Sasa najua pa kumshika mkono.

Saa 10

Basi la Arusha limeingia na kifurushi cha mzee. Mhudumu amempigia mwenyewe.

Mimi nina mazungumzo magumu zaidi ya siku nzima. Mhudumu wetu wa tiketi lazima asikie kutoka kwangu, leo, kabla stendi haijamwambia.

"Nimekosa nini, dada?"

"Hukukosa hesabu wala kasi. Leo mara tatu umechukua kazi mikononi mwa wenzako."

"Walikuwa wanachelewa."

"Ndiyo. Na kesho watachelewa palepale, kwa sababu leo hawakuifanya wao."

Amekaa kimya muda mrefu. Nikamwambia Novemba tunachukua vijana wawili wa msimu, na nataka awafundishe yeye, kwa posho, mikono yake ikiwa mbali na kibodi. Nafasi nyingine ikitokea, nitatazama alivyowafundisha. Sikumwahidi zaidi ya hapo. Amesema atafikiri, akarudi dirishani, macho mekundu. Sijui kama atabaki, na nitasikitika sana akiondoka.

Saa 12 jioni

Naandika mkataba. Saa 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku bila ya ziada, na za ziada kwa malipo ya mara moja na nusu. Likizo siku 28 kwa mwaka. Mchango wa NSSF, mfuko wa pensheni, asilimia 20 ya mshahara, nusu kampuni, nusu yeye. Majaribio miezi 6. Kanuni za 2007 zinaruhusu mpaka 12, lakini mtu akikaa mwaka mzima hajui hatima yake, atasimamia kwa woga.

Kifungu ninachokipigania mbele ya makao makuu ni kimoja: msimamizi aweze kurudisha mpaka shilingi 50,000 bila kuniuliza. Kama kila mara atamwambia mteja "ngoja nimuulize bosi", mteja atajifunza kumruka na kuja kwangu, wahudumu wataona, na nitakuwa nimemlipa mtu mshahara asimame tu pale. Wamekubali, kwa kuandikwa kwenye daftari kila mara na sababu yake.

Saa 1 usiku

Nampigia dada wa zahanati. Anashukuru, halafu anasema kwa sasa ana kazi ya mkataba duka moja mjini, analipwa kwa mwezi, na hataki kuondoka vibaya. Notisi ni siku 28. Ningeweza kumshawishi aruke. Nimemwambia aitoe yote.

Nikihesabu kwenye kalenda ya ukutani, ataanza katikati ya Novemba. Wiki mbili za mwanzo za kufunga hesabu na mhasibu, wiki moja na vijana wa msimu, kisha Desemba yenyewe. Nimezungushia tarehe kwa kalamu nyekundu. Nje foleni ya basi la usiku imeshaanza, na dirisha la kupokea liko tupu tena, kaka ameingia stoo. Naenda kukaa pale mpaka arudi.