Mradi wa mashamba ya Waazteki: ile moja iliyokuwa inapotea nimeipata

Jamani imekubali!! Wiki tatu nahangaika na namba moja, yaani moja kweli, shamba linatakiwa litoe eneo la 111, programu yangu ya kompyuta inanipa 110, leo saa saba usiku ikatoa 111, nikapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Nashughulika na kodeksi mbili (vitabu vya kale vya michoro) za Waazteki, wenyeji wa Meksiko ya kale, kutoka Tepetlaoztoc kule karibu na Texcoco, Meksiko: Vergara (iko Paris) na ile ya Santa María Asunción, za miaka ya 1540. Wahispania wameshaingia lakini waandishi wenyeji bado wanachora na kuhesabu kwa mtindo wao. Wanaorodhesha kaya, halafu mashamba ya kaya hiyo yanachorwa mara mbili, mchoro wa kwanza una urefu wa kila upande, wa pili una eneo. Mimi nataka programu isome wa kwanza itoe jibu la wa pili, basi.

Wao walihesabu kwa makundi ya ishirini badala ya kumi, hilo halikunisumbua. Kilichonitesa ni vipande. Kipimo kikubwa ni tlalcuahuitl, ufito wa kama mita 2.5, na upande ukibakiza kipande kisichofika ufito mzima mwandishi anachora kitu: mkono ni 3/5, mshale nusu, moyo 2/5, bega 1/3, mfupa 1/5. Mwili kuwa rula hainishangazi, hata sisi tuna shibiri na dhiraa, ila moyo kama kipimo cha shamba nimeupenda sana.

Nilianza na spredishiti, kosa la kwanza. Unaandika 3/5 inakugeuzia tarehe, unarekebisha, ukigusa seli nyingine inarudia, sijui nani aliyeamua kwamba kila mwenye mkwaju katikati ya namba anazungumzia kalenda. Nikahamia Python, lugha ya kuandikia programu, na hapo kwa uvivu wangu bega nikaliandika 0.33.

Sasa chukua shamba langu la majaribio (nimelitunga, haliko kwenye kodeksi), upande mmoja 12 na bega, mwingine 9. Theluthi mara 9 ni 3, kwa hiyo 108 na 3, 111, mtoto wa darasa la tano anapata. Ila 12.33 mara 9 ni 110.97, na mimi nilishaiambia programu ikate desimali kwa sababu kwenye namba za eneo waandishi waliweka namba nzima. Ikakata! 110. Na mimi wiki tatu nalaumu kanuni, nalaumu macho yangu, nikarudia kusoma michoro nikidhani nimechanganya bega na mkono, kumbe mchawi ni mimi mwenyewe mstari wa nne wa programu.

Dawa ikawa kuhesabu kila kitu kwa sehemu za 30, maana nusu, theluthi na sehemu za tano zote zinaingia humo bila baki: mfupa 6, bega 10, moyo 12, mshale 15, mkono 18. 12 na bega inakuwa 370, mara 9 ni 3,330, gawa kwa 30, imeisha. Najua Python ina moduli ya fractions, ya kuhesabu sehemu moja kwa moja, msinipigie kelele, nimeijaribu na inafanya kazi, ila namba nzima naziona zinavyotembea. Na angalia mkono na moyo, 18 na 12, ufito mzima. Nimelitazama hilo muda mrefu kuliko inavyostahili.

Ambacho bado kimegoma ni mashamba yaliyopinda. Pande nne peke yake hazikuambii eneo, fikiria kitanda cha kamba kilicholegea miguu, mbao ni zilezile lakini ukikisukuma kinalala upande na katikati panabana. Nilikata vipande vya boksi 20, 10, 22 na 12, nikavibana na pini kwenye kona, nikavisukuma mpaka vikalaliana kabisa, eneo sifuri! Kanuni moja waliyotumia ni kuchukua wastani wa pande zinazotazamana halafu kuzidisha: 21 mara 11, 231. Vile vipande vyangu ukivipanua hata kwa hasira havifiki 230. Kwa hiyo kanuni inatoa eneo kubwa kidogo kuliko la kweli, na kwa shamba lililopinda sana inapitiliza vibaya, na kuna mashamba ambayo hata hiyo kanuni haitoi namba iliyochorwa. Hapo nimekwama.

Nilisema nikimaliza hapa naingia kalenda zao mbili, ile ya siku 260 na ile ya siku 365, zinavyokutana kila miaka 52. Sijaigusa. Nimekutana na bei za soko la Tlaxcala za 1545, kwa punje za kakao, bata mzinga jike 100, parachichi lililochumwa sasa hivi 3 na likishaiva 1, nikaanza kujiuliza muuzaji alihesabuje mfuko mzima wa 8,000 bila kuchanganyikiwa. Kakao sina, nimemwaga maharage mezani, naweka alama zao za namba, kila 20 bendera, kila 400 unyoya. Nimefika manyoya matatu na bendera tatu, simu ikalia, nikapotea.