Dripu ya nne

Leo nimemaliza dripu ya nne ya rituksimabu, dawa yangu ya MS, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia neva za ubongo na uti wa mgongo. Nimekaa kitini kwa saa tano, maana mara ya kwanza koo liliniwasha hadi wakaizima kwa muda. Siku hizi natangulizwa Panadol, dawa ya mzio na steroidi, kisha matone yanaanza polepole. Nesi ananijua: "Dada, leo umebeba uji?" Nimebeba.

Mnaoniuliza kama nimepona MS: hapana. Mguu wa kushoto bado unaburuta ikifika jioni, na jicho lililofifia 2021 halikurudi lote. Dawa hii haitengenezi kilichokwisha kuharibika. Inapunguza seli B, askari wa mwili wanaochochea mashambulizi dhidi ya utando unaofunika neva zangu mwenyewe. Mwaka na nusu sasa, MRI, ile picha ya ubongo, haijaonyesha kovu jipya. Hilo tu, nami nalishika kwa mikono miwili.

Awali ilikuwa dawa ya saratani ya limfu. 2023 WHO wakaiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya MS. Bima yangu bado inabishana. Mama kachanga, shangazi kachanga, chama kimechanga. Ijayo ni baada ya miezi sita.